Bibi, isale na picha ya ubongo

Jumamosi bibi alisimama kihambani kwetu, Kibosho, akaushika mmea wa mpakani, akanyamaza. Midomo inacheza, neno halitoki. Mwishowe akasema, "Huu... wa kuombea msamaha." Isale, jamani! Jina limemtoka, kazi yake anaijua kunishinda.

Binamu yangu wa Arusha, mzee wa kuperuzi, akashauri kwenye kundi la ukoo: bibi apigwe ile picha ya ubongo yenye rangi, tuone lugha imezimika wapi.

Nikamkumbusha kwamba bibi alishapigwa MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, mwaka jana. Alivuliwa hereni, akaambiwa atulie. Kila mashine ilipoanza kugonga aligeuza kichwa kunitafuta, wakarudia mara mbili. Ile ilikuwa ya kuangalia umbo: ubongo umesinyaa, basi. Ya rangi, inayoitwa fMRI, ni habari nyingine: inaangalia ubongo ukiwa kazini. Nafundisha baiolojia, nikamwandikia gazeti zima.

Mashine hiyo haioni neno. Inafuata damu yenye oksijeni, njia aliyoionyesha Mjapani Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990 wakiwa Marekani. Ubongo unafanya kazi sasa, damu inafikia kilele sekunde tano au sita baadaye. Kwa kijana, sawa. Bibi ana presha, mishipa yake imezeeka pamoja naye. Doa la rangi kwenye picha likififia, utajuaje kama ni lugha iliyopungua au ni damu iliyochelewa? Tena kusema tu kunatikisa kichwa, na milimita chache zinatosha kuharibu picha.

Halafu kuna samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samoni mfu ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu. Hesabu zilipofanywa kiholela, ubongo wa marehemu ukatoa madoa ya "kufikiri". Binamu akacheka, ila hakukubali.

Kinachonisumbua zaidi ni swali lenyewe analoulizwa mgonjwa. Jaribio moja mashuhuri la kutaja picha, lililotungwa Boston, lina nyumba ya barafu. Bibi theluji anaiona juu ya Kibo tu! Na akishindwa kutaja, mashine inapima nini hasa: neno kupotea, kukata tamaa, au anawaza ndizi alizoziacha jikoni? Hata kwa watu ambao wengi wao walikuwa wazima wa afya, uchambuzi wa mwaka 2020 ulikuta vipimo vya aina hii, mtu akirudia, vinalingana kwa wastani usiofika 0.4, pale ambapo 1 ndiyo kulingana kabisa. Kulinganisha makundi ya wagonjwa, sina ugomvi. Kumsoma bibi mmoja, hapana.

Binamu akajibu kwa kidole gumba.

Jioni nilichuma jani la isale, nikampelekea bibi pale alipokaa akimenya ndizi, nimuulize tena jina. Nikalishika mbele yake kwa mikono miwili. Akaweka kisu chini, akanitazama usoni.

"Umenikosea nini, mjukuu wangu?"