Fuso langu la Louisville na karatasi zake

Louisville iko Kentucky, lakini ukivuka daraja la mto Ohio tu, uko Indiana. Nililivuka daraja lile miezi minne nikibeba makochi na vitanda vya watu, sijui kwamba kila nikivuka navunja sheria ya serikali kuu ya Marekani. Gari langu, leseni halali, namba za Kentucky halali. Nikajiona nimekamilika.

Gari lenyewe kwetu Tanzania tungeliita Fuso bila kujali limetoka kiwanda gani: boksi la futi 26, lifti nyuma, tairi sita. Aliyeniuzia alifungua mlango wa dereva akanionyesha stika kwenye nguzo: uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo, pauni 26,000. "Hili halihitaji CDL," akasema, yaani ile leseni ya malori makubwa. Hakudanganya. CDL inaanza pauni 26,001. Mimi ndiye niliyesikia "halihitaji CDL" nikaelewa "halihitaji chochote".

Siku ya kunaswa niliingia mizani bila wasiwasi. Nimekuwa utingo barabara ya Dar–Tunduma, mizani hainitishi. Nikajua gari halijazidi. Askari wala hakushughulika na uzito. Alizunguka, akatazama milango, myeupe pee. Namba ya DOT, yaani namba ya mchukuzi kutoka Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, iko wapi? Sina. Kadi ya daktari ya kuonyesha dereva ana afya ya kuendesha? Sina. Cheti cha ukaguzi wa mwaka? Mtungi wa kuzimia moto? Viakisi vya pembetatu vitatu? Nilikuwa na jeki na chupa ya chai. Gari likasimamishwa palepale, nikaandikiwa faini, na ikabidi nimlipe mtu mwenye kibali aje kuhamisha seti ya makochi ya mteja. Malipo ya safari ile yaliishia mfukoni mwake.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mkongomani tunayesali naye, ameendesha malori makubwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, mlango wa kwanza ni elfu kumi na moja." Nikamjibu, lakini mzee, kumi na moja elfu gari langu limeshapita mbali. Akachukua kalamu akaandika kwenye bahasha ya sadaka: 10,001. Kiswahili chetu hapo kinatega. Ni pauni elfu kumi na pauni moja, kama kilo 4,536. Ukifika hapo, ukabeba mizigo ya biashara kuvuka jimbo, wewe ni mchukuzi kamili mbele ya FMCSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori. Mlango wa pili ni 26,001: hapo ndipo inapoingia CDL, na vipimo vya dawa za kulevya vinavyokwenda nayo. Kodi ya mafuta ya majimbo na namba za gari zinazosajiliwa kwa majimbo mengi pamoja nazo huanza ukizidi 26,000, au gari likiwa na ekseli tatu. Mimi nilikuwa katikati ya milango hiyo miwili.

Basi nikaanza upya, mwanzoni mwa 2025. Namba ya DOT ni bure. Kibali cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni dola 300, hazirudi. Sikujua kwamba ukishaomba tu, jina lako na simu yako vinaonekana na kila mtu. Kesho yake simu ililia kuanzia saa mbili asubuhi: huyu anasema namba yako itafutwa, yule anajifanya mtu wa serikali. Kampuni moja ilinichuna dola 375 kwa fomu ya BOC-3, inayotaja watu wa kupokea karatasi za mahakama kwa niaba yako katika kila jimbo. Baadaye nikaona wengine wanaijaza kwa dola chini ya 50. UCR nayo, ada ya mwaka ya wachukuzi wa kati ya majimbo, ilikuwa dola 46 kwa mwenye gari moja au mawili. Hiyo nililipa mwenyewe, nimeshaungua.

Bima ndiyo iliyoninyima usingizi. Sheria inataka dola 750,000 za kulipia utakaowadhuru barabarani, ila madalali wa mizigo hawakupi mzigo bila milioni moja, na juu yake bima ya mzigo wenyewe ya 100,000. Kwa mchukuzi mpya nilipewa bei ya dola 1,240 kwa mwezi, miezi miwili mbele. Nikauza gari dogo la nyumbani. Mke wangu alipanda basi mpaka kiangazi, na hajanisamehe sana. Kibali hakianzi kazi mpaka bima yenyewe iwasilishe karatasi zake FMCSA, kwa hiyo usipige simu ya mzigo wowote kabla ya hapo.

Kwa daktari usiende yeyote tu. Lazima awe kwenye orodha ya taifa ya wapimaji wa madereva. Kadi kamili ni miaka miwili, mimi nikapewa mwaka mmoja kwa sababu presha ilisoma 152 kwa 94. Lawama nazipeleka kwa ile bima.

Jina la kampuni na namba ya DOT ziandikwe pande zote mbili, zisomeke kwa umbali wa futi 50. Tulilipima pale uwanja wa kanisa: mke wangu akahesabu hatua, akageuka, akasoma namba kwa sauti kubwa mpaka watoto wakaikariri.

Kilichonichekesha ni faili la dereva. Mchukuzi lazima awe na faili la kila dereva wake, hata kama dereva ni yeye mwenyewe. Nikajijazia fomu ya kuomba kazi kwangu mimi. Lakini mtihani wa barabarani huruhusiwi kujipima. Mzee akakaa kiti cha abiria, akanirudisha nyuma mara tatu kwenye ngazi ya kupakulia, akatia sahihi huku ananung'unika kuhusu vioo vyangu. Ukaguzi wa mchukuzi mpya ulipofika, ndani ya mwaka wa kwanza, karatasi ile ilikuwa kati ya walizoitaka, pamoja na rekodi za saa za kazi na za matengenezo ya gari. Saa zenyewe: ndani ya maili 150 za angani, yaani kwa mstari ulionyooka, kutoka kituo chako, ukirudi ndani ya saa 14, inatosha orodha ya muda wa kuanza na kumaliza kazi. Cincinnati na Indianapolis zimo humo. Chicago haimo, pale najaza kitabu cha saa za kuendesha. Kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa hizo sikifungi mpaka nizidishe siku 8 za vitabu ndani ya siku 30.

Kingine, tangu 25 Juni 2025, dereva asiyeweza kuongea na askari kwa Kiingereza anasimamishwa barabarani hapohapo, hata asiye na CDL. Shemeji yangu anaendesha kuliko mimi, lakini Kiingereza chake ni cha dukani. Kila Jumapili namuuliza kwa sauti ya ukali: unatoka wapi, umebeba nini, umelala saa ngapi? Ananijibu, kisha ananitukana kwa Kiswahili.

Wiki iliyopita dalali alinipa mzigo wa paleti nane kwenda Columbus, "pauni 9,500". Gari langu tupu lina pauni 15,600. Nikahesabu, sikuamini mikono ya dalali, nikapitia mizani ya kulipia kwenye kituo cha mafuta. Karatasi ikatoka: 27,140. Kwa uzito ule ningekuwa natakiwa CDL, na stika ya mlangoni isingenitetea. Nikampigia. Akasema wengine wanapita tu. Nikarudi ghalani nikashusha paleti mbili, akanikata dola 220.