Nilivyomfuatilia Boycott hadi Ireland

Hapa Kisenyi, Kampala, kwenye mashine za kusaga mahindi, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha na madereva wa Kenya na Wakongomani. Mnunuzi akikataa kupandisha bei utasikia tu, "Tumboycott!" Nilijua maana yake ni kususia. Kilichonisumbua ni neno lenyewe, maana halifanani na neno jingine lolote la Kiingereza ninalolijua.

Nikaazima kamusi nene ya mwalimu mmoja mstaafu. Wengi wetu tukifungua kamusi tunasoma maana ya kwanza na kuifunga. Safari hii nilishuka hadi chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo yenye vifupisho, maana asili ya neno hukaa huko. Nikakuta herufi kubwa: Kapteni Boycott, Ireland, 1880. Kumbe ni mtu!

Kuanzia hapo simu ilitosha. Boycott alisimamia mashamba ya tajiri mwenye ardhi, Lord Erne, kwenye kaunti ya Mayo huko Ireland. Mavuno yalikuwa mabaya, wakulima waliokodi mashamba hayo wakaomba kodi ishuke kwa asilimia 25, wakapewa 10. Wengine wakaanza kuletewa notisi za kufukuzwa. Basi wakamtenga. Vibarua waliacha mazao shambani, dobi akakataa nguo zake, wenye maduka wakagoma kumuuzia. Ikabidi waletwe watu 50 kutoka kaunti nyingine kumvunia viazi, nyuma yao mamia ya askari wa kuwalinda. Piga hesabu mwenyewe viazi hivyo viligharimu nini! Kabla ya mwaka kwisha Boycott alishaondoka Ireland, jina lake likabaki kuwa kitenzi, hata kwa Wafaransa.

Nilipomrudishia mwalimu kamusi yake aliniuliza, "Na ya Kamya unaijua, mwanangu?" Mwaka 1959 Augustine Kamya aliongoza watu wa Buganda kususia maduka ya Wahindi. Mwalimu alikuwa mtoto. Anakumbuka mama yake akilipita duka la jirani lenye chumvi na kwenda kuitafuta mbali, huku akiangalia nani anamwona. Hakuwa na ugomvi na mwenye duka, aliwaogopa waliosusa. Nikamwambia hata Mayo wenye maduka walitishwa. Akacheka, "Hilo kamusi haikuandika."

Kwa kweli haikuandika. Lakini bila ile mistari ya mwisho nisingejua pa kuanzia. Juzi nimeona kwenye pakiti ya maziwa kitenzi kingine cha namna hiyo, "pasteurise", nikashuka chini moja kwa moja: Louis Pasteur, Mfaransa.