Mzee Yuko

Tulipohama Kisumu kuja Nakuru, ruta ya zamani ilitiwa kwenye katoni pamoja na pasi mbovu na rimoti zisizo na mwenyewe, ikalala humo miaka mitatu. Huku Kiamunyi kampuni ya intaneti ilileta ruta yake, ikaipigilia ukutani sebuleni, nikasahau mambo ya katoni.

Shida ni chumba cha Mama. Kiko nyuma kabisa, na kati yake na sebule kuna kuta tatu za mawe. Mbao waifai huzipita bila taabu, jiwe huichosha. Kwa hiyo kila jioni Mama alibeba kiti cha plastiki hadi koridoni ili aone uso wa dada yangu aliye Busia, na kila aliyekwenda msalani aliruka miguu yake. Nikaipigia kampuni simu, nikaambiwa ninunue kifaa cha kuongeza mawimbi. Bei yake ndiyo iliyonikumbusha katoni.

Jumamosi nikaitoa, nikaipangusa vumbi, nikaichomeka koridoni nione tu kama ingali hai. Taa zikawaka moja moja. Kabla sijagusa kitu kingine, nikamsikia Mama chumbani:

"Baba Achieng', simu inasema Mzee Yuko hana intaneti."

MZEE YUKO ni jina ambalo marehemu baba aliupa mtandao wetu kule Migosi, kuwatisha vijana wa ploti waliokuwa wakikaa ngazini kutafuta waifai ya bure. Simu ya Mama haikulisahau. Ililiona jina lile, nywila ni ile ile, ikajiunga yenyewe.

Kuingia kwenye mipangilio kunataka nywila nyingine, na hiyo baba alikwenda nayo. Ikabidi nichokoe kitundu cha nyuma kwa sindano, nishikilie kama sekunde 10 mpaka taa zipepese. Hapo kila kitu hufutika, jina pia. Kwanza nikaandika jina kwenye karatasi, na nywila ya waifai nikaisoma kwenye plasta aliyoibandika chini ya ruta, kwa mwandiko wake ule wa kulala.

Kazi yenyewe ina mtego mmoja, na nilinasa. Kila ruta hugawia vifaa anwani. Ukiunganisha mbili bila kuzima ugawaji wa moja, ni matatu yenye makanga wawili wanaouza kiti kile kile. Tena zote mbili zilijiita 192.168.1.1. Kwa saa nzima kompyuta ya Achieng' ilikuwa na waifai bila intaneti, na mama yake akawa ananitazama tu, bila neno.

Nikaichomoa, nikaiunganisha na kompyuta peke yake. Nikaipa anwani 192.168.1.2, nje ya zile zinazogawiwa na ya sebuleni, nikazima DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, nikaiweka chaneli 11 ili isiingiliane na mwenzake aliye kwenye 1. Kebo ya mita 20 ikapita darini. Kichwa chake nikakichomeka kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani ya nyumba, si lile la WAN, la intaneti itokayo nje, ambalo mkono hulikimbilia kwa mazoea. Matundu yake ni ya megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kifurushi chetu hata nusu yake ni nyingi.

Likabaki jina. Wajuzi hushauri ruta zote mbili ziwe na jina moja na nywila moja, ili simu ihame yenyewe mtu akitembea nyumbani. Ushauri mzuri. Nikaandika jina la sebuleni, nikalitazama, nikalifuta. Nikaandika Mzee Yuko. Simu ya Mama ikakataa! Nilikuwa nimetumia herufi ndogo, na kwa simu hilo ni jina la mtu mwingine kabisa. Nikarudia kwa herufi kubwa zote, kama alivyoandika mwenyewe. Ikakubali.

Sasa Mama akija sebuleni na simu, inang'ang'ania ruta ya chumbani hadi picha inakwama, naye huinuka akarudi zake. Najua dawa yake. Sijaitia.

Jana usiku stima ilipotea, ikarudi. Ya sebuleni iliamka upesi. Nikaenda mlangoni kwa Mama kumwambia nitaiangalia yake. Alikuwa kitandani, simu kifuani.

"Mwache," akasema. "Mzee huwa anachelewa kuamka."