Samaki wanne na mapovu tisa kutoka karatasi moja ya A4

Ukiona samaki wa karatasi amepinda mdomo, usiilaumu mikono kwanza. Mara nyingi kosa liko kwenye mraba: upande mmoja umezidi mwingine kwa milimita mbili, na kila mkunjo unaofuata unalibeba kosa hilo hadi mkiani. Kwa hiyo pambo letu la samaki wa kuning'inia tulianze na karatasi.

Karatasi ya rimu ya rangi, gramu 80, inatosha kabisa. Manila iacheni kwa mabango. Ukiikunja, mgongo unapasuka na mkia unanenepa mpaka haulali. Gazeti linakunjika kirahisi lakini halina nguvu. Likining'inia siku chache mapezi yanalegea. Karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, yenye rangi upande mmoja na weupe upande wa pili, inapendeza kuliko zote, mradi iwe imenyooka, maana ile inayouzwa imeviringishwa hujikunja upya kila ukiiachia.

Kwetu huku Mwanza kuna jambo jingine: unyevu. Nyumba iliyo karibu na maji, hasa wakati wa masika, karatasi iliyoachwa mezani usiku kucha inakuwa laini kama kitambaa. Mkunjo haushiki, unafunguka wenyewe. Tena karatasi ikinyonya unyevu hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu nyuzi zake zimelala mwelekeo mmoja. Mraba uliokata jana unaweza usiwe mraba leo. Hifadhi rimu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ukate karatasi utakazozimaliza siku hiyo hiyo.

Sasa kukata. A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Pima 21 kwenye pande zote mbili ndefu, unganisha kwa rula, kata kwa wembe. Wengi hukunja kona kupata mraba. Njia hiyo ni ya haraka, ila inaacha alama ya ulalo ambayo hapa hatuitaki, kwa kuwa mraba huo tunaugawa tena mara nne: vipande vinne vya sentimita 10.5. Kinachobaki ni ukanda wa sentimita 8.7 kwa 21. Usiutupe.

Samaki mwenyewe. Weka upande wenye rangi chini (kama rangi ipo pande zote, chagua wowote). Kunja ulalo mmoja, fungua. Kunja wa pili, fungua. Geuza karatasi, kisha ikunje katikati mara moja tu, kingo kwa kingo, ufungue. Shika ncha mbili za mkunjo huu wa mwisho uziingize ndani zikutane. Karatasi italala yenyewe kuwa pembetatu yenye mabawa manne, mawili kulia na mawili kushoto. Ikigoma, basi ulisahau kugeuza. Usiilazimishe, rudi nyuma.

Weka kilele juu na kitako chini. Chukua bawa la juu la kulia ulikunje kwenda kushoto, mkunjo ukianzia kileleni kabisa na kushukia kwenye kitako, sentimita 1.4 kulia kwa mstari wa katikati. Ncha yake itavuka katikati na kuchomoza chini ya kitako. Halafu bawa la juu la kushoto: lenyewe likunje kwenda kulia, mkunjo ukifuata ukingo wa bawa ulilokwisha kunja. Kama umepatia, ukingo wake utatua sawasawa juu ya mkunjo wa kwanza. Hicho ndicho kipimo chako, huhitaji rula tena. Geuza: kilele ni mdomo, pembe mbili za kitako ni mapezi, na ncha mbili zilizopishana ni mkia.

Mkunjo ukianzia chini ya kilele, mdomo unakuwa butu. Ukiwa mpana mno, ncha za mkia hazipishani, unapata samaki mwenye mkuki. Shindilia kwa mgongo wa kijiko, kucha hukwaruza rangi. Na kwa kweli umbo hili si sato wala sangara, mapezi ni marefu mno, lakini watoto watamwita sato tu.

Ule ukanda uliobaki ndio mapovu. Ukate kwa urefu wake upate kanda tisa za milimita 9. Milimita 6 zinabaki. Funga fundo karibu na mwisho mmoja wa ukanda, livute polepole mpaka lilale kama umbo la pembe tano, kisha libonyeze. Kipande kifupi kifiche nyuma. Kirefu kizungushe kikifuata kingo, chenyewe kitakuonyesha pa kupita, na mwisho wake uchomeke chini ya mzunguko. Shika kingo kwa vidole, bonyeza katikati ya kila upande kwa ukucha: kinavimba na kuwa kinyota cha kama sentimita 1.5. Kisipovimba, ulizungusha kwa kukaza mno. Kikibonyea bapa, ulishika uso wake badala ya kingo.

Kutundika kuna hesabu ndogo. Toboa kwenye ukingo wa mgongo, sentimita 5.25 kutoka mdomoni, yaani nusu ya upande wa mraba wako, na kanuni hiyo inafaa kwa ukubwa wowote. Akiinamisha kichwa, sogeza tundu kuelekea mdomoni. Akiinua kichwa, rudisha nyuma. Uzi wa kushonea unafaa. Mshipi mwembamba wa kuvulia hauonekani kwa mbali, ila fundo lake huteleza: zungusha mara tatu na utie tone la gundi.

Fito mbili za sentimita 20, kila moja samaki wawili, kisha zote mbili zining'inie kwenye ufito wa sentimita 30. Kwa vipimo hivyo hata zikizunguka hazigongani. Anza kusawazisha fito za chini, ukimaliza ndipo uguse wa juu. Ukianza juu utarudia kazi. Vinyota viwili viwili vipite kwenye uzi juu ya kila samaki. Cha tisa kifunge katikati ya ufito wa juu kifiche fundo.

Usitundike kwenye dirisha linalotazama ziwa. Upepo wa mchana utazisokota nyuzi zote kabla ya saa kumi.