Kifuniko namba 20

Kifuniko namba 20 kilikuwa kimepinda, na mdogo wangu alikuwa amelijua hilo muda mrefu kabla yangu.

Dadu ya pande 20, ile wanayorusha wachezaji wa Marekani katika michezo ya kusimulia hadithi, sijawahi kuiona dukani hapa Lubumbashi. Ya pande sita ipo, ya ludo. Kwa hiyo nilienda kwenye nganda (baa) moja huko Kenya (mtaa wetu, si nchi), nikaokota vifuniko vya bia, nikaviosha, nikaandika namba ndani yake kwa rangi ya kucha ya dada, 1 hadi 20, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unataka kuruka mto wenye mamba? Ingiza mkono, toa kimoja, soma (namba kubwa ndiyo bahati), rudisha. Tulicheza hivyo miezi miwili, mpaka nikaanza kushangaa: mdogo wangu, ambaye hana bahati hata kwenye foleni ya maji, anaua kila chui anayekutana naye. Kumbe chupa ile ilifunguliwa na mtu mwenye haraka. Ukingo ulikunjika, na kidole cha mdogo wangu kilishaukariri.

Nilinuna kama saa nzima. Halafu nikachukua kalamu nikaandika sheria mpya: katika kundi, mganga peke yake ndiye anayeruhusiwa kupapasa ndani ya kopo, mara moja kwa usiku. Akipapasa akatoa namba chini ya 10, anapoteza sauti, na mchezaji mwenyewe anaongea kwa ishara mpaka kuche mchezoni. Mdogo wangu akaomba uganga palepale. Jumapili iliyofuata alikaa bubu karibu saa mbili, mama akadhani anaumwa.

Basi, mtu akiniuliza natengeneza michezo namna gani, ndiyo hivyo. Mezani hakuna ubao wa lazima wala mshindi. Mmoja anasimulia dunia, wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini, na pale jambo linapoweza kwenda huku au kule, kopo linaamua. Mchana nina meza ya sekretariati barabarani, Katuba: kompyuta moja, mashine ya fotokopi, mwavuli. Napiga mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, kazi za wanafunzi. Usiku naandika mchezo, na riwaya inayotoka kwenye mchezo. Mama bado anauliza: “Papa, unaandikaka vitabu ao unachezaka na batoto?” Namjibu vyote viwili, na anatikisa kichwa vilevile kila mara.

Ninapochekwa sana namtaja Gary Gygax, Mmarekani aliyeshiriki kubuni michezo ya namna hii. Mwaka 1970 alipoteza kazi yake ya bima, na miaka iliyofuata akawa anashona viatu vya watu huko Lake Geneva, ambayo si Geneva ya Uswisi bali ni mji mdogo wa Wisconsin. Huku akishona, aliandika sheria za michezo. Rafiki yake Dave Arneson alikuwa tayari anachezesha wenzake katika nchi aliyoibuni mwenyewe, Blackmoor; wakaunganisha vichwa, na mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: nakala 1,000, zilizopangwa kwenye maboksi kwa mikono, nyumbani. Ziliisha chini ya mwaka mmoja. Mimi nilitoa kijitabu changu cha kurasa 24, nakala 40, nikauza 31. Tisa zilichukuliwa na ndugu, na ndugu hawalipi.

Baadaye Gygax aliandika pia riwaya, za mwizi anayeitwa Gord. Ya kwanza ilitoka mwaka 1985, mwaka uleule alioondolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Niliisoma kwenye simu, kwa Kiingereza changu cha kuunga-unga. Gygax anaujua kila uchochoro wa mji wa Gord, ila watu wake wanatembea kama wanatekeleza sheria. Nilicheka, kisha nikafungua faili yangu, nikaacha kucheka.

Maana riwaya yangu ya kwanza ilikuwa daftari la michezo yetu ya Jumapili. Walifika, walipigana, walilala, wakaamka, wakapigana. Kurasa 140. Nilimpa yaya, dada yetu mkubwa anayeuza makala (mkaa) sokoni, naye akasinzia ukurasa wa 11. Wakubwa wa kazi hii nao walipita hapo. Margaret Weis na Tracy Hickman waliandika riwaya yao ya kwanza ya Dragonlance (dunia moja ya mchezo uleule wa Gygax), ya mwaka 1984, baada ya michezo yake kumalizika kutengenezwa, wakaona hadithi imefungwa kamba na imekatika vipande. Vitabu vilivyofuata wakageuza: riwaya kwanza, mchezo nyuma. Mimi sikuweza kugeuza hivyo, kwa sababu bila watu mezani sina hadithi. Nilichohitaji nilikipata kwenye fotokopi.

Mwanafunzi mmoja alileta kazi yake nimfungie, ndani yake mna picha ya lukasa. Ni ubao wa Waluba unaotosha mkononi, umepambwa kwa shanga na makombe, na watu wa chama cha Mbudye walikuwa wakiusoma kwa kidole: shanga hii mfalme fulani, ile safari fulani. Na shanga zilezile hazikusomwa sawa kila siku. Ilitegemea msomaji ni nani na mbele yake wamekaa akina nani. Kurasa zikatoka upande mmoja tu, nikazirudia kwa hasara yangu. Nilikuwa nawaza kidole cha mdogo wangu ndani ya kopo.

Hadithi yenyewe nilikuwa nayo tangu utoto. Muyomba (mjomba) wangu, mtu wa Malemba-Nkulu, anaipenda: Nkongolo, mfalme wa kale katika hadithi za Waluba, anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu, kisha anamwalika Kalala Ilunga aje acheze ngoma. Mpiga ngoma anamwonya kwa mapigo, kijana anaponyoka. Kalala ni mpwa wa Nkongolo. Kwa hiyo ni hadithi ya muyomba anayetaka kumwua mpwa wake, na wangu anaisimulia huku akitafuna michopo (nyama choma) niliyoilipia mimi.

Nilibadilisha majina, nikamwita mfalme Bwana Upinde, na pesa ya nchi yake nikaifanya misalaba ya shaba, kama ile iliyofukuliwa kwenye makaburi ya kale ya Sanga. Wiki tatu niliandaa lile shimo. Mchezaji atoe 12 au zaidi ndipo aielewe ngoma, akishindwa, mikuki. Jumapili ikafika, umeme ukakatika, tukawasha mshumaa. Nikaeleza mkeka, nikaeleza ngoma, nikasukuma kopo kwa yaya.

Yaya hakuingiza hata mkono.

“Ule mupiga ngoma,” akasema, “banamulipaka?”

Sikuwa na jibu.

“Mutu mwenye habamulipake hawezi kupika ngoma namna hii. Niko naenda kuongea naye.” (Kwetu ngoma inapikwa, tusisumbuane.)

Akaenda, akakaa karibu na yule mtu ambaye sikumpa hata jina, akaanza kupatana naye bei kama anavyopatana na wenye malori ya makala. Mpiga ngoma anamdai nani? Ana watoto wangapi? Mkewe anajua anafanya kazi ya nani? Kila swali nililazimika kulijibu kwa mdomo wake, na kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyoona kwamba huyu mtu amepiga ngoma hiyohiyo juu ya shimo hilohilo mara nyingi, na wengine hakuwaonya. Mdogo wangu aliacha kuchezea nta ya mshumaa. Shimo langu la wiki tatu halikumnasa mtu. Yaya alinunua pigo moja tu la ngoma, kwa misalaba mitatu, wakatoka mlangoni kwa miguu yao.

Usiku ule nilizifuta kurasa 140. Sasa riwaya ni ya mpiga ngoma. Nilianza kuiandika upya kwa Kifaransa, nikafika sura ya pili, mpiga ngoma akakataa kusema; kwa Kiswahili anaongea mpaka namkatiza. Nyumba moja ya uchapishaji ya Ulaya ilishanijibu kwamba wataitoa nikilipia mwenyewe, fedha ambazo ni miezi minne ya fotokopi. Niliwashukuru. Nitaitoa kama kile kijitabu, sura moja moja, na ndugu safari hii watalipa.

Jana nilimtumia yaya sura ya saba. Asubuhi nikakuta sauti yake kwenye simu, nyuma yake kelele za soko. Hakusema kama ni nzuri. Alisema misalaba mitatu ni bei ya mchezo, kwenye kitabu mtu hawezi kuhatarisha shingo yake kwa misalaba mitatu, nisiwadanganye watu.

Nimebadilisha. Ni mitano, na mbuzi.