Samaki anayeficha watoto mdomoni

Jamani leo asubuhi nimezama na miwani ya kuogelea kwenye mawe hapa Kigoma, karibu tu na ufukweni, nikamwona samaki mmoja mama kanuna kama kavimba shavu, mara akafungua mdomo vikatoka vitoto vidogo sanaa kama punje za mtama, nikasogeza mkono kidogo tu vyote vikarudi mdomoni fasta akaingia chini ya jiwe. Nilitoka majini natetemeka kwa furaha, nimekulia hapa na sikuwahi kuangalia hivi!

Na samaki wengi wa jamii hii, wanaitwa sikilidi, hawapatikani popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470 lakini huko chini hakuna hewa, viumbe karibu wote wamebanana juu, dagaa wetu na migebuka wanategemea upepo wa kiangazi unaopandisha rutuba kutoka chini, na maji yakizidi joto hiyo rutuba haipandi vizuri.

Ndo maana 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani miezi mitatu ili samaki wazaliane mi niliunga mkono, japo nyumbani tulibana sana. Wenye nyavu za macho madogo, naomba sana, acheni vitoto vikue.