Kidato cha tano kilivyotukuta: nilivyowasimamia watoto wawili kwa mwaka mmoja

Mtoto anayeingia kidato cha tano anaingia akiwa mshindi. Amefaulu kidato cha nne, ndugu wamepiga simu za pongezi, mtaani ameshaanza kuitwa msomi. Wazazi nasi tunapumua, tunaona kazi kubwa imekwisha. Halafu anakwenda kukutana na masomo magumu kuliko yote aliyowahi kuyasoma, na wengi wao hawajawahi kufeli hata jaribio la wiki, kwa hiyo hawajui kufeli kunashughulikiwaje.

Mimi nilikuwa na wawili kwa mpigo. Binti yangu alipangiwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) katika shule ya bweni mkoani Njombe. Kijana wa kaka yangu, ambaye amekulia kwangu hapa Morogoro, alipata shule ya kutwa, kombi (yaani mchanganyiko wa masomo) ya EGM: Uchumi, Jiografia na Hisabati. Kazi yangu ni ushonaji, elimu yangu ni kidato cha nne, na fizikia ya huko juu siijui. Naandika kwa ajili ya mzazi au mlezi aliye kama mimi, kwa sababu mambo mengi yaliyowasaidia watoto hawa hayakudai niijue.

Maandalizi yalianza mapema. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, matokeo yanatoka Januari, na kidato cha tano kinafunguliwa katikati ya mwaka. Hapo katikati TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua mfumo wa mtandaoni wa Selform ili wahitimu wabadilishe machaguo yao kulingana na matokeo waliyoyapata. Dirisha hilo watu wengi wanalipita bila kulitazama. Nilimkalisha kila mmoja kwa wakati wake tukapakua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ule unaoonyesha kila kozi ya chuo inataka masomo gani. Sikuwauliza wanataka kuwa nani. Niliwauliza ni somo gani wanalifungua bila kusukumwa. Binti alisema Baiolojia papo hapo. Kijana alinyamaza kwanza, kisha akasema Jiografia, na ule ukimya niliuweka moyoni. (Tangu mwaka 2024 tahasusi, ndizo hizo kombi, zimeongezwa hadi kufikia 65, kwa hiyo mzazi wa sasa ana ukurasa mrefu zaidi wa kusoma.)

Vifaa sitavielezea sana. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, lakini fomu ya kujiunga bado ina orodha ndefu: godoro, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi, sare, na nauli juu yake. Kwa anayepeleka mtoto Njombe akitokea huku kwetu kwenye joto, niseme moja tu: nunua blanketi zito na sweta mbili kabla ya viatu vya pili. Mtoto anayetetemeka usiku hasomi prepo, kile kipindi cha kujisomea usiku.

Sasa nije kwenye alama, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapopasuka.

Matokeo ya nusu muhula yalinifikia kwa simu ya mwalimu wa darasa: Baiolojia 52, Kemia 41, Fizikia 28. Kwa herufi ni D, E na F. Binti huyu alitoka kidato cha nne na daraja la kwanza. Aliponipigia Jumapili kwa simu ya matroni, alikuwa analia kiasi kwamba maneno hayatoki. "Mama, nimekuwa mjinga. Nataka kurudi nyumbani."

Bahati njema wiki chache kabla nilikuwa nimekaa na mwalimu mmoja mteja wangu, nikamwomba anieleze viwango vya alama. Kidato cha nne, A inaanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Kidato cha tano na sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40 na S 35, na chini ya hapo ni F. Mzazi, zitazame hizo namba vizuri. Mtoto mwenye 45 kidato cha nne ana C, na nyumbani mnampa hongera. Alama ileile kidato cha tano ni E. Mwenye 33 alikuwa na D, sasa ana F. Kichwa chake hakijapungua chochote. Na E, ambayo kwa masikio yetu inasikika kama aibu, bado inahesabiwa kuwa ufaulu kamili wa somo, ile wanayoiita prinsipo. S ndiyo ufaulu mdogo. Kwa kuingia chuo kikuu TCU wanataka angalau pointi 4 katika masomo mawili, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi zenye ushindani zinataka zaidi ya hapo, hilo halina ubishi, ila D mbili zinatosha kufikisha pointi hizo.

Nikamweleza hivyohivyo, kwa namba. Kwanza nilimuuliza kama amekula, kama analala, na kama kuna mtu anamsumbua bwenini. Akasema hakuna. Ndipo nikamwambia, "Mwanangu, hiyo 52 yako ya Baiolojia kidato cha nne ilikuwa C. Hujawa mjinga, umehamia kwenye mzani mwingine. Mwezi huu usiniletee herufi. Niletee karatasi zako zote za majaribio ukija likizo, usitupe hata moja." Akanyamaza, akavuta kamasi, akauliza, "Hata ile ya 28?" Nikamwambia hiyo ndiyo ninayoitaka zaidi.

Kesho yake nilimpigia mwalimu wa darasa. Sikuwa na malalamiko, nilitaka tu kujua mtoto anakaaje darasani. Akaniambia anakaa nyuma na haulizi swali. Nilielewa. Huko alikotoka alikuwa wa kwanza, na sasa amewekwa kwenye chumba ambacho kila aliyemo alikuwa wa kwanza kwao. Nani atanyoosha mkono wa kwanza kusema hajaelewa? Nilimwomba mwalimu amwingize kwenye kundi la diskasheni lenye watu wachache, na mwalimu akafanya hivyo wiki ileile. Walimu wengi wanapigiwa simu pale tu mzazi anapokuwa amekasirika. Anayepiga kwa upole mwezi wa pili wa masomo anasikilizwa mwaka mzima.

Kulikuwa na jambo jingine la kushughulikia, nalo lilikuwa ndani ya ukoo. Tangu apangiwe PCB, baba yake mdogo alikuwa anamwita "daktari wetu". Bibi naye vivyo hivyo. Kwa upendo kabisa, najua. Lakini mtoto mwenye 28 ya Fizikia akiitwa daktari anasikia deni. Nilikwenda kwa shemeji yangu nikamweleza, nikamwomba waanze kumwita jina lake hadi amalize. Aliona nakuza jambo, lakini alikubali, na likizo hiyo hakuna aliyemwita daktari.

Alipofika nyumbani Desemba, nilimwacha alale siku za mwanzo. Hili nalisimamia: mtoto wa bweni anarudi amechoka mwili, na kumpeleka tuisheni asubuhi ya kesho yake ni kupoteza hela. Wapo wanaowaandikisha wanao tuisheni likizo nzima kutoka asubuhi hadi jioni. Mimi sikubaliani nayo. Mtoto ambaye hajajua anakosea wapi akiongezewa vipindi anaongezewa daftari tu.

Tulipoanza, tulitandaza karatasi zile kwenye meza ya kukatia nguo. Nilimpa kalamu nyekundu nikamwambia kila alama aliyoipoteza aiandikie herufi pembeni, herufi zetu wenyewe na si zile za matokeo: S kama hakusoma, M kama muda uliisha, H kama alijua akateleza kwenye hesabu, na E kama hakuelewa swali linataka nini. Hiyo kazi haikunihitaji mimi niijue Fizikia. Ilihitaji nikae pale, nishone, nisiondoke. Ilipofika jioni tulihesabu. Kwenye Fizikia M zilikuwa nyingi kuliko zote: maswali ya mwisho yalikuwa meupe, hayajaguswa. Zilizofuata ni E, nazo karibu zote zilikuwa kwenye maswali yanayotaka uthibitishe kanuni hatua kwa hatua. Yeye alikuwa anaandika kanuni na jibu, kama alivyozoea kidato cha nne, na huku juu alama zimo kwenye zile hatua. Kwenye Baiolojia alikuwa na noti zote kichwani, ila alizimwaga bila kuangalia swali limeuliza nini. S, ambazo ndizo yeye alizokuwa anazililia, zilikuwa chache.

Kuanzia hapo likizo ikawa na sura. Asubuhi anafanya maswali kwa saa, yaani kwa muda uleule wa mtihani, na muda ukiisha anaweka kalamu chini hata kama sentensi haijakamilika. Jioni ananifundisha mimi. Nina karatasi za kaki ninazochorea vipimo, nikamkatia kipande kirefu nikakibandika ukutani. Siku moja alikuwa ananieleza mwendo wa kitu kilichorushwa. Akachora mpira unapanda na kushuka, akaugawa mwendo sehemu mbili, wa kwenda mbele na wa kwenda juu. Akasema wa kwenda juu unapungua, wa kwenda mbele haubadiliki. Nikamuuliza, "Kwa nini wa mbele haubadiliki?" Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia mimi sijaelewa. Akaenda kwenye kitabu, akakaa huko muda mrefu, akarudi na uso mwingine kabisa: mvutano wa dunia unavuta kwenda chini tu, na tukiacha upinzani wa hewa, hakuna nguvu inayousukuma mpira mbele wala kuurudisha nyuma, kwa hiyo mwendo wa mbele unabaki uleule. Aliniambia hayo kwa Kiswahili, kisha akayaandika kwa Kiingereza chini ya mchoro. Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na nina hakika kuyapitisha kwanza kwenye lugha anayoiota usingizini kulimsaidia kuyashika.

Kijana wa kaka yangu alikuwa na safari yake. Yule aliyenyamaza nilipomuuliza somo analolipenda, ndani ya wiki za kwanza alianza kuchelewa kutoka kitandani siku zenye Hisabati. Hisabati ya EGM ni ile kubwa, Advansi, na haina huruma kwa mwenye mashaka. Akaniambia, "Shangazi, nataka kuhama kombi." Sikumkatalia, na sikumruhusu hapohapo. Nilimwambia ahudhurie vipindi vyote wiki mbili zaidi, afanye zoezi la kila siku, kisha akaongee na mwalimu wa Hisabati yeye mwenyewe. Mwalimu akamwambia ukweli: unaweza kuendelea, lakini itakula muda wa masomo yako mengine yote. Shule ilikuwa na HGE, ufaulu wake wa Historia ulikuwa mzuri, na mwalimu wa taaluma akaridhia. Aliacha Hisabati akachukua Historia, Jiografia na Uchumi vikabaki. Ukitaka kuhama, hama mapema. Baada ya hapo silabasi inakuwa imekimbia, na kutoka kuripoti hadi mtihani wa Mei wa kidato cha sita hakuna miaka miwili kamili.

Tabu ya mtoto wa kutwa ni nyingine: yuko mtaani kila siku. Wenzake aliomaliza nao wapo walioenda vyuo vya ufundi vya VETA, wapo wanaoendesha bodaboda, na wana hela mfukoni. Siku moja aliniambia, "Shangazi, nina miaka kumi na nane, naomba hela ya vocha." Nilimwelewa. Nikampa kazi ya Jumamosi mchana hapa dukani: kupiga pasi, kufunga vifungo, kupeleka nguo kwa wateja, kwa malipo tuliyokubaliana. Maneno ya bodaboda yakapungua. Simu tulielewana ilale chumbani kwangu kuanzia saa nne usiku. Alijitetea kwamba noti na pasti pepa zinakuja kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na alisema kweli, kwa hiyo mchana simu ni yake.

Historia inataka insha, na insha zinataka mkono uliozoea. Mara kadhaa kwa wiki nilikuwa natega kengele ya simu, yeye anaandika, mimi nakata nguo. Kengele ikilia ananisomea. Kila aya nilimuuliza mambo matatu: hoja ni ipi, umeielezaje, mfano uko wapi. Mifano ndiyo iliyokuwa inakosekana, hivyo akaanza daftari dogo la mifano peke yake, majina na miaka.

Mtihani wa kufunga mwaka, Fizikia ya binti ilikuwa 44, Kemia 55, Baiolojia 66. E, D, C. Kijana alikuwa na C ya Historia na D mbili. Shemeji aliponiuliza nikamsomea bila kupunguza sauti, na akasema hongera. Kidato cha sita kinaanza bila kupumzika, na kabla ya Mei kuna mitihani ya moku, ile ya majaribio, inayokuja haraka, kwa hiyo karatasi za kaki hazijabanduliwa ukutani.

Wewe unayempeleka mtoto kuripoti mwaka huu, omba namba ya mwalimu wa darasa siku hiyohiyo, kabla hujapanda basi la kurudi.